Alinikumbata, alinikumbatia au alinipakata? Jibu kwa mama wa Kisumu

*"Mtoto wangu yuko Gredi ya Tano hapa Kisumu. Waliambiwa waandike insha kuhusu likizo, naye akasimulia alivyoenda kwa nyanyake kule Khayega. Sentensi yake ilikuwa hivi: 'Nyanya alinikumbata, akanipakata, halafu tukakumbatiana na nyanya tukalia.' Mwalimu alikata 'alinikumbata' kwa kalamu nyekundu akaandika 'alinikumbatia'. Chini ya 'akanipakata' akauliza, 'Kwani wewe ni mtoto mchanga?' 'Tukakumbatiana na nyanya' akaizungushia duara bila maelezo, kisha pembeni akaandika, 'Tumia: alinipiga pambaja.' Mtoto alirudi nyumbani akilia, akasema hataandika tena habari za nyanya. Mimi ni Mjaluo, baba yake ni Mluhya, na Kiswahili chetu ni cha mjini. Nyumbani tunasema tu 'nipe hagi'. Nilipompigia mama mkwe simu kumweleza, yeye ndiye aliyekasirika zaidi. Alisema kukumbatia ni neno la watu wa chumbani, halifai kuandikwa na mtoto kuhusu nyanyake. Sasa nani anasema ukweli? Mtoto alikosea wapi? Na kuna neno gani safi la Kiswahili ambalo mwalimu na mama mkwe wote watalikubali?"*

Mama, pole kwa machozi ya mwanao. Nimeisoma ile sentensi yake mara nyingi kabla ya kuanza kukujibu, na nataka ujue mapema ninavyoiona: ni sentensi nzuri. Ina kosa dogo moja ambalo hata watu wazima hulifanya, na ina jambo ambalo nikiwa hapa Nakuru nikisahihisha insha nalikosa kwenye madaftari mengi, yaani mtoto aliyeandika kile kilichotokea. Kalamu nyekundu ilipita mahali patatu, lakini ni mahali pamoja tu palipoihitaji.

Ila swali lako lina mambo mawili yaliyoshikana, na tusipoyatenganisha tutazunguka. Lipo la lugha: kumbata, kumbatia, pakata, pambaja, lipi ni lipi. Na lipo la adabu, ambalo mama mkwe amelileta: nani anaruhusiwa kumkumbatia nani, na jambo hilo litajwe vipi. Kamusi inaweza kukata shauri la kwanza. La pili haiwezi.

Tuanze na "alinikumbata". Kiswahili kina kipande kidogo, -ata, kinachopachikwa mwishoni mwa baadhi ya vitenzi kuonyesha kitu kushika kingine kwa nguvu na kutokiachia. Walimu wa sarufi hukiita kauli ya kutendata. Tazama mtu anayekama ng'ombe: vidole vyake vinafinya chuchu. Toa hapo "kama", ongeza -ata, upate "kamata". Fumba mkono, kisha weka ndani yake sarafu ya shilingi ishirini na uibane isidondoke: umeifumbata. Na neno letu ni ndugu wa hayo. "Kumba" ni kugonga au kusukuma kwa kishindo. Mnapigwa kumbo mkigombania matatu jioni. Redio inapotangaza kwamba mafuriko yameikumba Nyando au Budalang'i, ni kumba hiyo hiyo: maji yamekuja kwa nguvu yakawapiga watu. Sasa iongezee -ata. Kile kilichokuja kwa nguvu hakikupiga kikapita, bali kilikuja kikabaki, kikazunguka, kikashika. Hapo ndipo "kumbata" inapozaliwa.

Kwa hiyo mwanao hakubuni neno. Kumbata lipo, na maana yake ni kushika kitu kwa kukizungushia mikono. Ukienda Kibuye siku ya Jumapili utamwona mama anapenya katikati ya watu amekumbata furushi la mitumba kifuani, kidevu kimelalia juu ya furushi, haoni vizuri anakokwenda. Sentensi hiyo ni Kiswahili safi. Lakini furushi halina moyo, na hapo ndipo ile -i- ya mwalimu inapofanya kazi yake. Mtu analia, lakini anamlilia marehemu. Anakimbia, lakini anamkimbilia mama yake. Ile -i- inamleta mtu fulani ambaye tendo linamwendea. Kumbata pamoja na -i- ndiyo kumbatia, na kwa matumizi ya leo, mtu anapomzungushia mwenzake mikono kwa mapenzi, kwa furaha au kwa kumfariji, sisi sote husema amemkumbatia. Ile -i- imeshikana na neno kiasi kwamba hakuna anayeisikia tena, kama vile hatuisikii katika "angalia".

Basi mwalimu alikuwa sahihi hapo. Kusema "nyanya alinikumbata" kunamfanya mtoto awe kama furushi la mitumba. Ningekuwa mimi, nisingekata neno. Ningeandika herufi hiyo moja juu yake na kumwonyesha mtoto furushi na nyanya, kwa sababu mtoto aliyekosea herufi moja katikati ya neno gumu amekaribia sana kupata. Lakini sahihisho lenyewe usilipinge.

Sasa njoo kwenye duara. "Tukakumbatiana na nyanya" haina kosa la sarufi. Ile -ana ni ya watu wawili kutendeana: pendana, salimiana, agana. Unaweza kusema "nilikumbatiana na nyanya" au "tulikumbatiana na nyanya", na zote mbili utazisikia kwa watu wanaojua lugha. Ya pili ina utata kidogo, kwa sababu "tu-" yaweza kuwa mimi na nyanya, au mimi na ndugu zangu kwa upande mmoja na nyanya kwa upande wa pili. Pengine ndilo lililomsumbua mwalimu. Pengine aliona neno limerudiwa, kwani limetoka tu "alinikumbata" na hapo hapo inafuata "tukakumbatiana". Lakini mtoto hakurudia. Hebu uone picha. Mtoto amefika langoni baada ya safari, mkoba bado uko mgongoni, ana haya, mikono imening'inia. Nyanya anamjia na kumzungushia mikono, naye amesimama tu kama mlingoti. Hapo *alinikumbatia*. Ni nyanya peke yake anayetenda. Baadaye haya imeisha, mtoto naye ameinua mikono yake na kuipitisha shingoni mwa nyanya. Hapo *tukakumbatiana*. Kati ya vitenzi hivyo viwili kuna mtoto aliyelegea, na amelisema hilo kwa silabi moja. Mimi nikikutana na jambo kama hilo katika daftari la Gredi ya Tano huweka kalamu chini kwanza.

Kosa ambalo ningelikata kweli kweli, na ambalo watoto wengi hulifanya, ni "nyanya alinikumbatiana". Kutendana hakuwezi kumbeba mtendwa mmoja hapo katikati. Mwanao hakulifanya.

Ya "akanipakata" imenigusa zaidi, kwa sababu swali la mwalimu halihusu lugha. Linahusu umri wa mtoto. Kupakata ni kumweka mtu mapajani, ukiwa umeketi, na kumzuia kwa mikono asiteleze. Wewe neno hili unalijua vizuri kuliko unavyodhani. Umepanda matatu ya kwenda Kakamega, gari limejaa tangu steji, na kabla hamjafika Kiboswa kondakta amekugeukia: "Mama, huyo mtoto mpakate." Hakukuambia umkumbatie. Anataka umwondoe kwenye kiti umweke mapajani ili abiria mwingine akae. Ungemkumbatia mtoto akiwa bado kwenye kiti chake, kondakta angerudia tena kwa sauti ya juu. Watu waliotafuta jina la Kiswahili la kompyuta ndogo ya kuwekwa mapajani nao walilikimbilia neno hilo hilo, wakapata "kipakatalishi" huku Kenya, na wenzetu wa Tanzania wakasema "kompyuta mpakato". Sijui jina lingine la kifaa linalokuonyesha kifaa kinakaa wapi kwa uwazi kama hili, nami hulitumia darasani kila mara.

Kwa hiyo tofauti ya kukumbatia na kupakata haiko kwenye kiwango cha mapenzi. Iko kwenye mwili: kifua na mikono, au mapaja. Unaweza kumkumbatia mtu mkiwa mmesimama, mmeketi, hata mmelala. Huwezi kumpakata ukiwa umesimama. Fanya jambo moja kabla ya kumjibu mwalimu. Muulize mwanao, kwa upole, bila kumfanya aone kwamba anahojiwa: nyanya alipokupakata, alikuwa amekaa wapi? Akikuambia alikaa kwenye kigoda jikoni, au kwenye kiti nje ya nyumba, akanivuta akaniweka hapa, basi neno ni lake na limekaa mahali pake. Mtoto wa miaka kumi kupakatwa na nyanyake siyo kosa la Kiswahili. Nyanya wengi huwapakata wajukuu ambao miguu yao tayari inafika chini. Lakini akikuambia walikuwa wamesimama langoni, basi alitaka kusema alinikumbatia kwa nguvu, au alinivuta kifuani, na neno lilimponyoka. Vyote viwili vinawezekana, na ni yeye tu anayejua.

Kwa kukamilisha tu: mtoto akiwa mgongoni amebebwa, na kitambaa kinachomshika ni mbeleko, ingawa huku kwetu wengi tunasema leso. Hilo halimhusu mwanao.

Sasa "alinipiga pambaja". Neno ni la Kiswahili na ni zuri. Pambaja ni kumbatio, na hutumiwa pamoja na kitenzi "piga": alimpiga pambaja, walipigana pambaja. Hutokea zaidi watu wanapokutana kwa furaha baada ya kupoteana muda mrefu. Mwalimu anastahili shukrani kwa kumfunza mtoto. Lakini nina jambo moyoni kuhusu pambaja na wenzake. Kwa miaka mingi insha za shule zetu zimekuwa zikipambwa kwa maneno ya kukariri: nyanya wote wanampiga mtu pambaja, furaha zote ni riboribo, machozi yote yanatiririka njia mbili mbili. Mtoto anajifunza kwamba Kiswahili kizuri ni kile ambacho hakijawahi kusemwa jikoni kwao. Hapa kwetu sijasikia mtu akitamka pambaja sokoni wala kanisani. Nalisikia darasani, na nalisoma vitabuni. Hilo halilifanyi neno kuwa baya. Linamaanisha tu kwamba mtoto alijue, alitumie siku anapotaka kishindo cha furaha, na asilazimishwe kubadilishana nalo maneno matatu aliyoyachagua yeye. Pambaja moja ingemeza yote: kukumbatiwa, kupakatwa, kukumbatiana. Msomaji angebaki na furaha tu, asijue kwamba mtoto alikuwa na haya kwanza.

Kama mwalimu angetaka kumwongezea neno, kuna moja ambalo lingemfaa mtoto huyu: kulaki. Kumlaki mtu ni kutoka kwenda kumpokea njiani au langoni, kabla hajafika mlangoni. Ni neno la mwenyeji aliyekuwa akingoja. Nyanya wa Khayega, kama namjua nyanya yeyote, hakungoja ndani.

Kuhusu "hagi" yenu ya nyumbani, usione haya. Kuna watu watakaokuambia kwamba unaua Kiswahili cha mtoto kwa kusema "nipe hagi". Nami ni mwalimu wa Kiswahili, na sikubaliani nao. Lugha haichukui neno la kuazima bila sababu. Tarehe 9 Machi 2018 Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga walipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House, na kabla ya wiki kuisha hata Kisumu nzima ilikuwa ikisema "handisheki". Je, tulikuwa hatuna "kupeana mkono"? Tulikuwa nayo. Lakini kupeana mkono ni salamu ya kila mtu, na handisheki ikawa jina la maafikiano yale ya kisiasa na yote yaliyoyafuata. Hagi nayo ni hivyo. Vijana wanapokutana mjini wanagusana bega kwa bega, mkono mmoja mgongoni, wanapigapiga mara mbili, wameachana. Ukiwaambia wamekumbatiana watakuona umekuza jambo. Kumbatia ni zito kuliko hagi, linachukua mikono yote miwili na muda.

Ninachokuomba ni kitu kidogo tu. Mara nyingine, badala ya "nipe hagi", mwambie "nikumbatie". Kiswahili kinapenda kitenzi hapo. Hatupeani kumbatio kama tunavyopeana chumvi, tunakumbatiana. Kumbatio kama nomino lipo, na wingi wake makumbatio, lakini "nipe kumbatio" linasikika kama limetafsiriwa. Mtoto akisikia "nikumbatie" mdomoni mwa mama yake mara kumi, hatalikosea tena kwenye daftari, na ile -i- itaingia bila mtu kumfundisha sarufi. Kwenye insha, hagi ibaki ndani ya alama za usemi, pale mtu anapozungumza.

Nawe kama Mjaluo una msaada mwingine mkononi. Dholuo ina *kwako*, kukumbatia, na ina *ting'o*, kubeba. Hayo ni maneno mawili kwa mambo mawili, na mtoto anayeyasikia kwenu tayari ana mahali pa kuweka tofauti ya Kiswahili. Mchezo mzuri kwa mtoto ni kwamba "kwako" ya Kiswahili ni mahali, nyumbani kwa mtu, na "kwako" ya Dholuo ni mikono ya mtu. Mwanafunzi wangu mmoja darasani aliniambia, mwalimu, ni kitu kimoja. Sikumsahihisha.

Sasa tumfikie mama mkwe, na hapa nakuomba utulivu, kwa sababu yeye hakosei kama unavyodhani. Neno kukumbatia si chafu. Halina unyumba ndani yake. Mama humkumbatia mwanawe, wafiwa hukumbatiana, wachezaji hukumbatiana baada ya bao. Lakini fikiria analisikia wapi. Nyimbo za mapenzi zinalo, michezo ya redio inalo, na katika hadithi nyingi watu wawili wakishakumbatiana msimulizi hufunga mlango. Mtu aliyekutana na neno hilo huko ataliona limevaa nguo za huko. Zaidi ya hapo, amekulia katika desturi ambayo mwili una mipaka. Katika nyumba nyingi za Waluhya, na za Wajaluo pia, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Wanasalimiana kwa umbali, na hata kupeana mkono kuna mahali ambapo hakufanywi. Mzee anapewa mkono huku umeshika kiwiko chako kwa heshima. "Mulembe", salamu ya Waluhya, inasemwa kwa mdomo na kwa kiganja, haisemwi kwa kifua. Kwa mama aliyelelewa hivyo, kuona kumbatio limeandikwa wazi kwenye daftari la shule, lisomwe na watu asiowajua, ni kama kuvuliwa leso mbele ya wageni. Hapingi kwamba alimkumbatia mjukuu wake. Anaona haya kwamba limesemwa.

Hutamshinda kwa kamusi, basi usijaribu. Kama ni mtu wa kanisa, mfungulie Biblia yake mwenyewe ya Kiswahili, ile ya Union Version, Mwanzo 33:4. Yakobo anarudi baada ya miaka mingi akimwogopa kaka yake, na Esau anakuja mbio *kumlaki*, *akamkumbatia*, akamwangukia shingoni, akambusu, *nao wakalia*. Kisha mpe daftari asome sentensi ya mjukuu wake: alinikumbata, tukakumbatiana, tukalia. Mtoto wa Gredi ya Tano amefuata njia ile ile bila kujua. Ongeza Marko 10:16, ambapo Yesu anawakumbatia watoto wadogo kabla ya kuwabariki. Neno ni lile lile, na hakuna chumba hapo. Ukitaka neno la zamani zaidi kwa masikio yake, yapo maneno ya Luka 15:20, baba anapomwona mwanawe mpotevu kwa mbali: akamwangukia shingoni. Hilo limeingia Kiswahili kupitia tafsiri ya Biblia na wazee wengi wanalipenda, ingawa katika insha ya mtoto lingesikika kama mahubiri.

Na akikataa hata baada ya hapo, mheshimu. Mtoto anaweza kuandika "nyanya alinipokea kwa mikono miwili" na hakuna litakaloharibika. Naamini lakini kwamba ni afadhali abaki na neno lake, na sababu yangu ndiyo ninayoitaka uisome polepole kuliko yote.

Mtoto anahitaji maneno mengi ya kugusana, na anayahitaji mapema. Kukumbatiwa ni jambo moja. Kubanwa ni lingine. Kushikwashikwa ni lingine, na kupapaswa ni lingine kabisa. Mtoto mwenye neno moja tu, hagi, akiguswa vibaya atasema "alinipa hagi", nawe utatabasamu na kuendelea kupika. Mtoto anayejua kwamba nyanya *alinikumbatia* nikafurahi, na kwamba mtu mwingine *alinibana* nikataka kutoka, anaweza kukuambia kilichotokea. Tukilifanya neno kukumbatia kuwa la aibu hata kwa nyanya, tunamfundisha kwamba habari zote za mwili hazisemwi. Insha ya mwanao ni ya furaha na sioni ndani yake chochote cha kukutia wasiwasi. Nasema hili kwa kila mzazi atakayesoma. Siku mtoto akitumia maneno yale mengine, au akianza kumkwepa mtu fulani ambaye zamani alimkimbilia, hapo si mahali pa mtaalamu wa lugha. Msikilize bila kumkatiza, mpeleke kwa mtu unayemwamini ana kwa ana, ofisi ya watoto au hospitali, na namba ya bure ya simu ya watoto nchini Kenya ni 116.

Tukirudi kwa mwalimu, una njia mbili. Unaweza kuacha. Sahihisho moja kati ya manne ni halali, mtoto atapanda darasa, na walimu wana madaftari mengi ya kusahihisha kwa jioni moja. Mwalimu aliyechoka huandika "Kwani wewe ni mtoto mchanga?" bila kufikiria litakavyosomwa na mtoto wa miaka kumi. Ingekuwa ni alama tu, ningekushauri uache. Lakini umeniambia mtoto amesema hataandika tena habari za nyanya, na hilo haliachwi. Nenda shuleni. Usimwandikie ujumbe kwenye kundi la wazazi, maana hapo atajitetea mbele ya watu. Nenda mchana masomo yakiisha, umsalimie, umwanzie kwa kumshukuru: ile "alinikumbatia" ulimwekea vizuri, nimejifunza nami. Kisha umwombe jambo moja tu, amwambie mtoto kwa mdomo wake kwamba "akanipakata" lilikuwa sawa, kama ulishamuuliza mtoto na likawa sawa. Kuhusu duara na pambaja usibishane. Mwalimu akiona mama hakuja kugombana, hayo atayafikia mwenyewe. Na kama mtoto ataendelea kukataa kuandika wiki tatu nne baada ya hapo, au machozi yanakuja kila siku ya Kiswahili, zungumza na mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri wa shule wakiwa pamoja, kwa sababu hapo tatizo litakuwa limevuka sentensi moja.

Mwanao akitaka kuiandika upya, asikae na kalamu yangu. Mimi ningeiweka hivi, kama nyanya kweli aliketi: "Nyanya alitulaki langoni, akanikumbatia nikiwa bado na mkoba mgongoni. Tulipofika jikoni alikaa kwenye kigoda akanipakata. Mwishowe tukakumbatiana, tukalia." Lakini kigoda ni changu, sikukiona. Yeye ndiye aliyekuwa Khayega, na ndiye anayejua nyanya alikaa wapi.